Kidevu cha Evert Bonnevier

Miaka yote mume wangu Evert alikuwa akinyoa ndevu kila asubuhi, na siku za sherehe mara mbili. Hapa kijijini Ekarsbruk watu walidhani ni usafi tu. Wanawake walimtolea mfano kwa waume zao: mtazame Evert, kidevu kama sahani ya kaure! Mimi nilinyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikaa na mtungi huo zaidi ya miaka arobaini.

Siri yenyewe ni hii. Kichwani Evert ana nywele nyeusi tii, mvi zimeingia pembeni tu. Lakini ndevu zake, ukiziacha siku tatu, huota nyekundu. Sisemi kahawia, sisemi rangi ya majani makavu. Nyekundu ya mbweha.

Kwingine lisingekuwa jambo. Kwetu Ångermanland, kaskazini, mtu anaweza kuwa na nywele za manjano, nyusi za kahawia na ndevu nyekundu, na hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Lakini hiki ni kijiji cha Wavaloni. Miaka mia nne iliyopita wahunzi waliletwa hapa kutoka upande wa Ubelgiji ya leo waje kumfulia chuma mfalme wa Uswidi, na wajukuu wa wajukuu wao wanatembea kana kwamba walishuka jana. Mtoto akizaliwa na nywele nyeusi na ngozi inayoshika jua bila kuungua, watu husema, "Hiyo ndiyo damu ya Kivaloni," na mama yake hutembea kifua mbele. Akizaliwa na kichwa cheupe husema, "Ni mzima, tumshukuru Mungu."

Weupe katika nyumba ya Bonnevier niliuleta mimi. Mwanetu Ragnar alipozaliwa, Evert alimtazama kichwani, akanitazama mimi, akasema, "Dagny, umetia maziwa kwenye kahawa yetu."

"Kahawa yenyewe ilikuwa chungu," nikamjibu.

Tumetaniana hivyo maisha yetu yote. Nampenda mwanamume yule, nasema wazi nisije nikaeleweka vibaya kwa nitakayosimulia. Macho yake hucheka kabla ya mdomo, na hajawahi kulala bila kunifunika miguu. Lakini kuna mahali utani huwa unaisha, na watu wa hapa hawajui ni wapi.

Ragnar naye alioa, akapata watoto wawili wa tumbo moja. Melker, wa kwanza, ni babu yake mtupu: nywele nyeusi, macho meusi, ikifika Juni amekwisha kuiva rangi kama ganda la mkate. Tyra, wa pili, ni mimi mtupu: nywele nyeupe, nyusi nyeupe, hata kope nyeupe, na akikaa juani muda wa kumaliza kikombe cha kahawa anakuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Wanapendana sana. Wakiwa wadogo Melker alikuwa anamfunika dada yake kwa kofia yake mwenyewe wakienda kuogelea, na jioni anarudi yeye na maumivu ya kichwa.

Kila Agosti kijiji chetu huwasha tanuri la zamani na kufua chuma kwa mtindo wa mababu, kwa nyundo kubwa inayoendeshwa na maji ya mto. Watu hutoka mbali kuja kutazama. Fundi mkuu huvaa shati jeupe la kitani lililoshuka hadi chini ya magoti, ndilo vazi la wahunzi wa kale, na fundi mkuu huwa ni Bonnevier. Evert alishika koleo la fundi mkuu baba yake, Gottfrid, alipofariki. Tyra ameingia kwenye karakana ile tangu ana miaka kumi na hajatoka. Anajua tanuri linataka nini kwa kulisikiliza tu. Melker anauza simu mjini Uppsala, ana moyo wa dhahabu, na cheche moja ikiruka anajificha nyuma ya nguzo.

Julai iliyopita Evert alianguka kutoka juu ya mti wetu wa cheri akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wakamfunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, na daktari akasema mkono ule hautabeba tena chuma kizito. Jumapili tukawa mezani wote, viazi vipya na samaki wa chumvi, Tyra hali, anangoja tu babu yake aseme.

"Mwaka huu koleo atashika Melker," Evert akasema.

Melker akapaliwa. "Mimi? Babu, mimi nitauchoma mguu wangu! Mpe Tyra. Tyra ndiye anayejua."

"Utafundishwa. Wiki nne zinatosha."

"Hata miaka minne haitoshi, babu, mimi nakwambia ukweli."

"Watu wanakuja kuona Wavaloni," Evert akasema, na hakumtazama Tyra. "Wanataka kuona sura. Na ngozi ile haiwezi moto, atababuka mbele za wageni. Tyra atasaidia upande wa kahawa na mikate ya iliki."

Tyra akaweka uma wake chini polepole. Alikuwa amekwisha kuwa mwekundu mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Watu wa rangi yetu hatuwezi kuficha kitu. "Kuna kiwanda cha chuma kule kaskazini wameniambia nianze kazi Septemba," akasema. "Nilikuwa nawazungusha kwa ajili ya tanuri hili. Basi nitawakubalia. Kahawa jiuzieni wenyewe, babu."

Akatoka. Melker akamfuata, amembebea sahani yake. Kaskazini anakokusema ni safari ya mchana kutwa kwa treni, na mtu akienda kufanya kazi huko harudi, huolewa huko. Nalijua hilo kwa sababu mimi nilipita njia hiyohiyo kutoka upande wa pili.

Asubuhi ya Jumatatu Evert akaja jikoni kama kawaida, kitambaa shingoni, kidevu juu. Tangu avunjike mimi ndiye niliyekuwa namnyoa, maana mkono wa kushoto ulimkatakata, na mashine ya umeme humtoa vipele. Kinyozi wa karibu yuko mjini Östhammar, na yule kinyozi ana mdomo.

Nikauweka wembe kwenye droo, nikaifunga.

"Nini tena?" akauliza.

"Leo sinyoi."

"Kesho je?"

"Siku utakayompa Tyra koleo, nitakunyoa mpaka ung'ae. Kabla ya hapo ota tu, mzee."

"Dagny! Hayo hayahusiani."

"Yanahusiana sana. Kama tunakwenda kwa sura, basi twende kwa sura. Watu waone na yako."

Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kuiona, kama mtu aliyepigwa na mkono anaoujua. Nikadhani ni majivuno yamechomwa, nikafurahi. Hasira hasara, waliosema hawakukosea, lakini siku ile sikuwa tayari kufundishwa na methali.

Basi ndevu zikaota. Siku ya pili zilikuwa kama kutu. Siku ya nne alianza kuvaa skafu, Julai, jua linawaka, jirani akamwuliza kama ni mafua. Akaacha kutoka nje. Melker alipokuja kwa ajili ya mafunzo yake alimkuta babu yake kwenye ngazi za nyuma bila skafu, akasimama mdomo wazi.

"Babu! Kidevu kinawaka moto!"

"Funga mdomo wako."

"Bibi, njoo uone! Babu kawa Tomte!" Tomte ni yule kibabu mwekundu wa hadithi zetu za Krismasi. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Evert hakucheka. Aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba, na mafunzo siku ile hayakufanyika.

Wiki ya pili ilipofika katikati, asubuhi moja, nilikuwa nakanda unga wa mikate ya iliki. Evert akaingia, akaketi mezani.

"Dagny, wewe unadhani nanyoa kwa kujipamba?"

"Kwa nini kingine?"

Akauweka mkono wa plasta juu ya meza. Kisha akanieleza. Alikuwa na miaka kumi na sita ndevu za kwanza zilipotokeza. Walikuwa wanakula uji asubuhi, mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni. Baba yake, Gottfrid, akamtazama kidevu. Halafu akamtazama mkewe, Selma, mama yake Evert. Halafu akamtazama tena kidevu. Siku zile kulikuwa na mtu aliyekuwa akileta makaa karakana kwa mkokoteni, mtu wa kucheka na kila mwanamke, na nywele zake zilikuwa nyekundu. Gottfrid aliinuka, akaleta wembe wake, akauweka kando ya bakuli la mwanawe. "Toa hicho," akasema, akaenda kazini. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuzungumza na mkewe ila kuomba chumvi.

"Picha ya babu Lambert si unaijua, pale karakana," Evert akasema. "Ndevu nyeusi mpaka kifuani. Baba yangu naye vilevile. Mimi rangi hii nimeitoa wapi? Kila nilipotoka bila kunyoa niliona kama mama yangu ndiye anayetembea uchi."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga na sikuweza kuitoa. Selma nilimkuta hai. Ndiye mtu peke yake katika kijiji hiki ambaye hakuwahi kunitania kwa weupe wangu, na nilidhani ni upole wake tu. Miaka yote ile Evert alikuwa akimlinda mama yake kwa wembe, nami nikauchukua wembe nikaufanya fimbo. Nilijiona mdogo kuliko mbegu ya iliki.

"Ngoja nipashe maji," nikasema. "Nakunyoa sasa hivi. Nisamehe, Evert. Sikujua."

"Ungejuaje? Acha maji." Akajikuna kidevu kwa mkono wa kushoto. "Nimekaa siku zote hizi nawaza. Kama ni kweli, basi mimi si Bonnevier. Na nimeshika koleo miaka thelathini, na chuma hakijawahi kuniuliza mimi ni wa nani. Sasa mimi ni nani wa kumwuliza yule mtoto? Nilichofanyiwa kwenye uji, mimi nimemfanyia yeye kwenye viazi. Mbele ya watu."

"Mwambie basi."

"Mwite."

Tyra alikuja na uso wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Akasimama mlangoni, akaona ndevu, akasahau kununa.

"Babu, umepaka nini?"

"Sijapaka. Ni zangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla baba yako hajazaliwa." Akasukuma juu ya meza shati la kitani, lile refu, limekunjwa. "Vaa uone kama linakutosha. Bibi yako atalipunguza mabega."

Tyra hakuligusa. "Na ile ngozi isiyoweza moto?"

"Nilisema upuuzi, Tyra. Nimeuona upuuzi wangu, mama, na unaniuma."

"Na watu wakisema huyu wa maziwa katoka wapi?"

"Waseme. Wakichoka watakunywa kahawa."

Akalichukua shati, akaficha uso ndani yake, mabega yakawa yanatikisika. Melker aliposikia alimkumbatia babu yake kwa furaha mpaka nikahofia ule mkono.

Siku ya kijiji ilipofika nilimwekea Evert maji, sabuni na wembe mezani, bila sharti lolote. Alisimama mbele ya kioo. "Mtoto anatoka na sura yake," akasema. "Mimi nitoke na ya kuazima?" Akavaa kofia yake, akanipa mkono mzima nimshike, tukaenda hivyo.

Kelele za watu zilipungua tulipoingia karakana. Wengine walimtazama yeye, wengine walimtazama Tyra aliyesimama mbele ya tanuri na shati jeupe na kope nyeupe, na nikawasikia wawili nyuma yangu wakinong'ona, "Bonnevier wameishiwa?" Niligeuka nikawatazama mpaka wakatazama viatu vyao. Evert akatwaa koleo kwa mkono wa kushoto, akampa Tyra mbele ya wote.

Hapo ndipo Asta alipopiga kelele. Asta Hybinette ndiye mkongwe wa kijiji, karibu afikishe miaka mia; masikio yake yamekufa, macho yangali ya mwewe, na kila mwaka huletwa na kiti chake cha magurudumu hadi safu ya mbele.

"Lambert!" akaita. "Nani kamfufua Lambert?"

Binti yake akamwinamia sikioni. "Mama, huyo ni Evert!"

"Evert namjua, mimi si mjinga! Nasema hizo ndevu! Hizo ndevu ni za Lambert!"

"Mama, Lambert alikuwa na ndevu nyeusi. Si ile picha ukutani."

"Picha! Picha za enzi zile zina rangi gani, we mtoto? Hata nyanya ungeipiga ingetoka nyeusi. Lambert amenipakata mimi! Nilikuwa nikizivuta zile ndevu, nyekundu kama mkia wa mbweha, na kichwani mweusi kama masizi. Sisi watoto tukimwita Mbweha, naye anabweka."

"Na Gottfrid?" Evert akauliza kwa sauti ndogo, halafu akakumbuka, akapaza sauti sikioni kwake. "Baba yangu, Asta! Yeye hakujua?"

"Gottfrid angejulia wapi? Alikuwa bado ananyonya homa ilipomchukua baba yake. Kalelewa na ile picha tu." Akanyoosha kidole chake kilichopinda kuelekea kidevuni kwa mume wangu. "Kwa nini ulikuwa unazificha? Nzuri vile!"

Watu walicheka, wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Evert alikuwa amepauka. Nikamshika kiuno. Tyra alitutazama mara moja, nikamwashiria aendelee, naye akageukia moto. Akatoa chuma, nyundo kubwa ikaanza kupiga, cheche zikamjaa miguuni, na uso wake ukawa mwekundu, shingo nyekundu, masikio mekundu, na hakuna hata mmoja katika watu wale aliyekumbuka kuwa ni mweupe. Hata wale wawili wa nyuma walikuwa wamefumba midomo.

Nilimtoa Evert nje, tukakaa kwenye benchi la ukutani, tukiisikia nyundo migongoni mwetu.

"Basi wewe ni wa kwenu kabisa," nikasema. "Mvaloni kamili, mpaka kwenye kidevu. Furahi, mume wangu. Na mama yako hakuwa na doa."

"Alikuwa akinipashia maji," akasema.

"Nani?"

"Mama. Maji ya kunyolea. Kila asubuhi, tangu siku ile mpaka nilipokuoa. Ananiwekea bakuli, ananiwekea taulo, halafu anakaa pale kwenye kiti chake ananitazama." Akavua kofia yake, akaiweka magotini. "Alijua kwa nini nanyoa, Dagny. Alijua hana kosa. Na akanipashia maji."

Nililia mimi kabla yake. Selma amelala makaburini mwaka wa ishirini sasa na hakuna wa kumpelekea habari. Nikamwekea kichwa begani, na ndevu zake zikanichoma kwenye paji la uso, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mlango ukafunguliwa. Tyra akatoa kichwa, jasho linamtiririka, nywele zimemganda usoni.

"Babu! Chuma cha pili kiko tayari na sitaki kukianza bila wewe. Unakuja au huji?"

Evert akajifuta macho kwa ile plasta yake chafu, akainuka.

"Nakuja, mama," akasema. "Nakuja."